Nilipoambiwa Futa

Sehemu ya Tano

Wewe unayenikuta leo kwa mara ya kwanza, karibu, ingawa umekuja pabaya.

Mimi ni fundi mitambo wa studio moja ndogo iliyo juu ya duka la vioo. Kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, alikuwa mpiga ngoma wa bendi yetu, zile ngoma za seti zenye matoazi. Alikuwa na tabia moja iliyotufanya tucheke kwa miaka kumi na moja. Kila akimaliza kupiga wimbo, matoazi yakiwa bado yanalia, alisema neno moja tu.

"Futa."

Hakuwahi kuridhika hata siku moja. Nami sikuwahi kumfutia hata siku moja. Nilikuwa najibu, "Nimefuta," halafu naihifadhi rekodi, na kesho yake naiweka kwenye spika kimyakimya. Anasikiliza, anakuna kidevu, anasema, "Kumbe si mbaya." Ndiyo kazi tuliyokuwa tukiifanya, yeye kusema na mimi kutotii.

Siku ya wimbo wa tisa, wa mwisho wa albamu, tuligombana. Nilimwambia mikono yake imezeeka na kwamba mashine ingepiga vizuri zaidi. Akapiga akiwa amenuna. Akasema, "Futa." Nikafuta kweli. Akashuka ngazi, na kabla saa haijaisha gari la mizigo likamgonga kwenye kivuko cha barabara, akafa.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimekaa kwenye kiti chake, siku ya tatu baada ya mazishi, vijiti vyake mkononi, nikipiga wimbo wa tisa mimi mwenyewe ili pasijulikane kitu.

Mhariri amenikabidhi barua zenu. Mmoja wenu ameniita muuaji. Mwingine ameuliza tu kwa upole, "Kwa nini hukusema siku ileile?" Huyu wa pili ndiye aliyeninyima raha wiki nzima, maana yule wa kwanza nimeshamzoea, ananiita hivyo kila nikijitazama kwenye kioo.

Jibu langu ni hili: nilidhani hakuna atakayesikiliza.

Albamu yetu ilitoka Jumatatu moja ya mvua. Nyimbo tisa, jalada la bluu, picha ya kaka nyuma. Mwimbaji wetu na mpiga gitaa, ambaye ndiye mwenye bendi, tunamwita Msumari kwa wembamba wake na kwa sababu ukimgonga anazama lakini hapindi. Yeye aliamini tumetoa kitu cha kutikisa dunia. Alinunua magazeti yote ya Jumanne, ya Jumatano na ya Alhamisi.

Gazeti la kwanza lilisema sisi ni muziki mzuri wa kusikiliza ukiwa umeambiwa usubiri kwenye simu.

La pili lilikosea jina la albamu.

Mtangazaji mmoja wa redio alipiga nusu ya wimbo wa kwanza, akakohoa, akasema tuendelee na habari za michezo.

Msumari akayakunja magazeti yale akayaweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza. Meza ikatulia. Nami nikatulia, nisiwafiche. Nilijiambia albamu itakufa, uongo wangu utazikwa nayo, na mimi nitabaki na dhambi yangu tu kama watu wengine.

Jumapili ikaja na Mhakiki.

Huyu ni mama mmoja wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi wa viatu, anaandika safu ya muziki katika gazeti ambalo kila mwanamuziki anajidai halisomi. Albamu yetu ya kwanza aliiita kelele za watu wenye adabu. Kaka aliikata sentensi hiyo akaibandika kwenye kasha lake la ngoma, akawa anaisoma kabla ya kila onyesho, anacheka.

Saa tatu asubuhi Msumari alipanda ngazi za studio mbilimbili. Shati alilivaa nje ndani.

"Kaa," aliniambia.

"Nimekaa."

"Basi jishike."

Akasimama juu ya kochi na viatu vyake, akasoma. Mwanzo ulikuwa wa kuchinja. Nyimbo nane za mwanzo, aliandika Mhakiki, zimepigwa na watu wanaoijua kazi yao na wasio na la kusema. Mwimbaji anaimba kama anayesoma risiti. Ngoma ni safi, sahihi, na hazina mtu.

Msumari alivisoma vyote hivyo huku akitabasamu, nikajua kuna kitu kinakuja.

"'Kisha unafika wimbo wa tisa,'" akasoma, na sauti ikaanza kumtetemeka. "'Hapa marehemu mpiga ngoma ameacha ustadi wote. Anapiga kama mtu anayeogopa. Dakika ya tatu, pigo moja linakosekana. Halikusahaulika. Ni mtu aliyefika mlangoni, akageuka kuitazama nyumba yake. Sijawahi kusikia mtu akiaga namna hii. Kwa wimbo huu mmoja, inunueni albamu.'"

Akashuka kwenye kochi. Akanikumbatia. Alikuwa analia.

"Kaka yako ametuokoa," alisema. "Alijua. Wallahi alijua kwamba anakwenda."

Sasa niwaambie kuhusu pigo hilo linalokosekana.

Mikono yangu ilikuwa na jasho, na kijiti kikaniponyoka. Nilikidaka kwa goti. Hayo ndiyo yote. Nilitaka kulirekebisha pigo lile, Msumari akanikataza. "Usiguse. Kama ndivyo alivyopiga, ndivyo alivyopiga."

Na lipo lililoniuma zaidi ya hilo. Zile nyimbo nane zisizo na mtu ndani ndizo za kaka yangu. Nane zake za kweli, alizozitolea jasho miezi minne, zimeambiwa hazina mtu. Ile ya tisa iliyomliza Mhakiki ni yangu mimi niliyemwambia mikono yake imezeeka.

Nilikwenda chooni nikatapika. Msumari alidhani ni furaha.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za ajabu. Redio ileile iliyotukoholea ikaanza kupiga wimbo wa tisa asubuhi, mchana na jioni. Mtangazaji alikuwa ananyamaza kabla ya dakika ya tatu, anasema, "Sikilizeni hapa." Kijana wa duka la vioo alikuwa anausubiri huku kashika kisu chake cha kukatia vioo, pigo likikosekana anatikisa kichwa kwa huzuni na kuendelea kukata. Kijiti changu kilichoponyoka kilikuwa kinaliza watu nisiowajua.

Lakini hao wote ningewavumilia. Aliyeninyong'onyeza ni Mama.

Tangu mazishi Mama alikuwa hali chakula. Alikuwa anakunywa chai ya rangi asubuhi, anarudi kitandani, anageukia ukutani. Ukimsemesha anajibu, "Niko, mwanangu," na ndiyo mwisho wa mazungumzo. Dada wa baba yangu alikuwa anakuja kumwosha kama mtoto.

Jumatano ile baada ya makala niliingia nikamkuta amekaa mezani. Ana sahani mbele yake, na sahani ina mabaki. Simu yake iko sikioni, haongei, anasikiliza.

"Ni wimbo wake," aliniambia. "Jirani kaniwekea. Njoo usikie hapa."

"Nimeusikia, Mama."

"Njoo usikie na mimi."

Nikainama, sikio langu likagusana na lake. Dakika ya tatu ikafika. Pigo likakosekana. Mama akafumba macho, akashika mkono wangu kwa nguvu.

"Aligeuka kuniangalia," alisema. "Umeona? Hakuondoka hivihivi. Aligeuka."

Niambieni ninyi mlioniandikia barua, hapo mngesema nini? Mngemwambia, Mama, huyo ni mimi, na kilikuwa kijiti? Nilimwambia, "Ndiyo, Mama. Aligeuka." Akaomba aongezewe chakula.

Kesho yake niliing'oa diski ya kompyuta ya studio, nikaifunga kwenye taulo, nikampelekea fundi mmoja anayesifika kwa kufufua vilivyopotea. Nilikuwa na wazo moja tu kichwani. Nikiipata ile ya kaka, nitaiweka mahali pa yangu, nitaungama kwa wote, na hata wakinitemea mate watakuwa na ya kweli mkononi.

Fundi aliitazama saa nzima. Akaniuliza, "Baada ya kufuta, uliitumia tena hii diski?"

"Nilirekodi kitu."

"Kirefu?"

"Dakika tano hivi."

Akavua miwani. "Ungeniletea kabla ya hapo, ningekupa faili lako likiwa zima. Ukifuta, kitu hakiondoki palepale, kinakuwepo mpaka kiandikiwe juu. Hicho ulichorekodi ndicho kimekaa pale pale kilipokuwa kile."

Nilimwelewa vizuri sana. Mpaka siku ya tatu baada ya mazishi, ngoma za kaka yangu zilikuwa bado zimo mle ndani, zinasubiri mtu wa kuzitoa. Ni mimi niliyekaa kwenye kiti chake nikazifuta mara ya pili, na safari hii kwa mikono yangu yote miwili.

Nilirudi studio kwa miguu, diski yangu kwapani. Nilipofika, Msumari alikuwa kwenye simu, ameiweka sauti ya nje, anang'aa kama aliyepakwa mafuta.

"Huyu hapa kaingia," alisema. "Ongea naye mwenyewe. Ni Mhakiki."

Sauti yake ilikuwa kavu, ya mwalimu. "Nataka kuandika makala ndefu juu ya marehemu. Ninaomba nisikie ngoma za wimbo wa tisa peke yake, bila gitaa, bila uimbaji."

"Peke yake zina kelele, mama," nilisema. "Kiti kinalia, vitu kama hivyo."

"Kelele hizo ndizo ninazozitaka, mwanangu."

Nikajaribu tena. "Na faili lina kasoro kidogo."

Msumari akanitumbulia macho. "Kasoro gani? Wewe si ndiye unayejisifu una nakala tatu za kila kitu?" Kisha akainamia simu. "Karibu Jumamosi saa nne, mama. Tutawaita na familia."

Simu ilipokatika nilimuuliza, "Familia ya nini tena?"

"Mama yenu. Na shemeji yako." Akanipiga bega. "Mama nimeshamwambia. Unajua kafurahi kwa kitu gani? Nimemwambia kwenye ngoma zile za peke yake, mwishoni, atamsikia akisema 'Futa.'"

Nikajua nimekwisha.

Maana ni kweli. Kwenye albamu neno lile tulilikata, huwezi kumuuzia mtu wimbo unaoishia na mtu anayeukana. Lakini kwenye ngoma ghafi lipo. Nyimbo nane zote zinaishia nalo. Ya tisa inaishia na mimi nikivuta kamasi.

Nilikuwa na siku mbili.

Ijumaa mchana nilijifungia studio. Chini yangu mashine ya duka la vioo ilikuwa inasaga kingo, sakafu yote inatetemeka, hata spika zisingefaa kitu. Nikavaa hedfoni. Nikafungua nyimbo nane, moja baada ya nyingine, nikienda mwishoni tu.

Futa. Futa. Futa.

Mara nane kaka yangu aliniambia nifute, mara nyingine amechoka, mara nyingine ana mzaha, mara moja ana kitu mdomoni. Nilizisikiliza kama mtu anayechagua nazi sokoni, na niliona aibu, na niliendelea.

Ya wimbo wa nne ndiyo iliyokuwa nzuri. Ya taratibu, karibu na maikrofoni, ya mtu aliyetulia. Nikaikata, pamoja na kipande kirefu cha ukimya kinachoifuata ili isisikike imekatika ghafla. Nikaibandika mwisho wa ngoma zangu. Nikasikiliza mara mbili, mashine ikisaga chini. Ilikaa vizuri kabisa.

Kikumbukeni kile kipande kirefu cha ukimya.

Jumamosi duka la vioo lilikuwa limefungwa, na studio ilikuwa kimya kiasi kwamba ungemsikia mtu akimeza mate. Mhakiki alifika wa kwanza, na penseli tatu. Akaiona ile sentensi yake kwenye kasha la ngoma, kelele za watu wenye adabu. Akaisoma kwa kuinama kama vile imeandikwa na mtu mwingine.

"Aliniwekea kinyongo?" aliuliza.

"Hapana. Alikuwa akisema ni kweli."

Akafuta miwani. Hakuuliza tena.

Mama alikuja na lile gauni alilovaa siku ya mazishi. Alipanda ngazi akipumzika mara tatu. Nyuma yake alikuwa shemeji yangu, amemshika kiwiko.

Sijawaeleza sana habari za shemeji. Ni muuguzi, maneno yake machache. Alifika studio mara moja tu katika miezi yote minne ya kurekodi, alipomletea mumewe chakula. Alikaa kwenye stuli ndani ya chumba cha ngoma kwa sababu kaka hakumruhusu aondoke. Siku ya mwisho alikuwa zamu. Na tangu albamu itoke, watu wote wakililia pigo lile, yeye hakuusikiliza wimbo hata mara moja. Redio ikiupiga anazima. Watu walimwona ana moyo mgumu.

"Shemeji," alinisalimia.

"Shemeji. Umekuja."

"Leo nimeweza," alisema.

Tukawapanga. Mama kwenye kochi mbele ya zile spika kubwa, Mhakiki pembeni yake, Msumari chini kwenye zulia. Shemeji alikataa kukaa, akasimama akiegemea mlango. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe na hakikutaka kushuka.

"Weka, mwanangu," alisema Mama.

Nikaweka.

Ngoma peke yake ni kitu cha uchi. Kila woga wangu ulisikika. Kiti kililia, pumzi zilisikika, na Mama akanyoosha mkono akaugusa uso wa spika kama anayempapasa mtu mwenye homa. Mhakiki hakuandika kitu. Dakika ya tatu ilipofika, Msumari alijifunika uso. Pigo likakosekana. Ukisikiliza sana, ungekisikia kijiti kikigonga goti.

"Ni mwili wake huo," Mhakiki alinong'ona. "Alijipiga kifuani."

Sikumsahihisha.

Matoazi ya mwisho yakalia, yakafifia. Mama akasogea mbele hadi akawa anakaribia kuanguka kwenye kochi.

"Futa," akasema kaka yangu.

Mama akatoa pumzi aliyokuwa ameibana tangu siku ya mazishi. Hakulia. Alicheka kidogo, akasema, "Mkaidi wangu."

Na hapo, kwenye zile spika kubwa, katika kile kipande kirefu cha ukimya, nikasikia kitu ambacho hedfoni na mashine ya vioo vilinificha. Mbali sana, nyuma kabisa ya chumba cha ngoma, mwanamke alicheka. Kicheko kifupi, cha puani, cha mtu anayemjua aliyesema.

Msumari hakukisikia, alikuwa analia. Mhakiki alikuwa anaandika kwa kasi. Mama alikuwa amefumba macho.

Nikageuka mlangoni. Shemeji alikuwa ananitazama.

Uso wake haukubadilika. Kazi yake ni kuwapa watu habari mbaya, anajua kuutunza uso. Kisha akamwendea Mama, akamshika bega, akamwambia kwa upole ashuke naye akapate hewa. Mhakiki akafunga daftari, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akashuka na Msumari aliyekuwa ameshaanza kumsimulia maisha yake.

Nikabaki na mitambo. Nilikuwa nazima taa moja moja nilipousikia mlango.

Alirudi peke yake. Akaufunga nyuma yake.

"Shemeji," alisema, "kile kicheko mwishoni ni changu."

Nikawasha tena taa niliyokuwa nimeizima.

"Nimecheka ndani ya kile chumba mara moja tu katika maisha yangu. Siku ile ya chakula. Siku ya mwisho nilikuwa wodini."

"Shemeji, ngoja nikueleze."

"Subiri kwanza. Mimi ndiye niliyetaka kukueleza." Akavuta kiti cha kaka kutoka nyuma ya ngoma, hakukikalia, akakishika tu. "Umetubandikia. Na zile ngoma si zake. Mume wangu ninamjua hata akigonga meza. Sijui ni nani aliyepiga, na leo sikuulizi."

Nilikaa.

"Nadhani najua kwa nini umefanya hivi," aliendelea. "Ya kweli umeificha. Huwezi kuisikiliza, na hukutaka redio ziichezee. Hata mimi ningeificha. Sikulaumu, shemeji. Nimekulaumu kidogo hapo mlangoni, imepita."

Niliinamia mitambo, nikaanza kukunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

"Alinipigia simu akishuka ngazi hizi," alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipokwama kwa mara ya kwanza tangu tumzike kaka. "Aliniambia mmegombana. Akasema, mdogo wangu kanikera, nikapiga kwa hasira, na leo, mke wangu, leo nimepiga. Akasema maisha yake yote alikuwa anaitafuta ile na leo kaipata, bila kukosa hata pigo moja."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Nikamtania, nikamuuliza, na mwishoni si umesema ifutwe? Akacheka. Akasema, nimesema, nimezoea tu. Lakini mdogo wangu hafuti. Hajawahi kufuta hata moja. Kesho ataniwekea."

Chini barabarani Msumari alikuwa anacheka kwa sauti na Mhakiki. Nilitamani paa liniangukie.

"Kwa hiyo sikuusikiliza wimbo wenu huu," alisema shemeji. "Nilikuwa najitunza kwa ile yake. Leo nimejiona niko tayari."

Akafungua mlango, akaita ngazini. "Mama. Hebu panda tena, taratibu. Kuna nyingine."

Nilisikia viatu vya Mama vikirudi. Hatua, pumziko. Hatua, pumziko. Ngazi ni kumi na nane, nilizihesabu zote.

Mama aliingia akihema, uso wake una mwanga ambao sikuuona tangu kaka afe. Shemeji akamkalisha kwenye kiti cha kaka, mbele kabisa ya spika. Akasimama nyuma yake, akamwekea mikono mabegani.

"Tuko tayari, shemeji," alisema. "Tuwekee ya kweli."